Hitilafu inayovaa sura ya kemia: utatuzi wa matatizo ya leza ya femtosekunde katika vipimo vya mitetemo ya molekuli

Katika vipimo hivi, mpigo mmoja mfupi wa mwanga huamsha mtetemo wa molekuli na mpigo wa pili huupima. Ugumu wake ni kwamba hitilafu ya mtambo huja imevaa sura ya kemia. Mvuke wa maji hewani hujifanya ufyonzaji wa protini. Dirisha la seli ya sampuli hurudisha mwanga na kukuletea "mwitikio" pikosekunde 19 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) baada ya tukio lenyewe. Mwali unaohama taratibu hukuchorea mteremko mzuri wa nishati inayopungua, na molekuli haijui lolote. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha skrubu yoyote, ziba kitu kwanza. Ziba mwali mmoja, toa sampuli, weka kiyeyushi kitupu, kisha tazama kilichobaki. Kuziba huchukua sekunde tano na hakuharibu chochote. Skrubu iliyozungushwa kwa kubahatisha inaweza kula siku nzima.

Mtambo tunaouzungumzia ni huu: amplifaya ya taitani-safaya inayotoa mipigo ya nm 800, ya femtosekunde 100 hivi (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde), mara 1,000 kwa sekunde. Sehemu ya mwanga huo huingia kwenye amplifaya ya parametriki (OPA). Ndani yake, kipande cha safaya huzalisha mwanga mweupe, na fuwele ya BBO hukuza sehemu ya mwanga huo katika hatua mbili. Hapo hutoka miali miwili, signali na aidla. Miwili hiyo hukutana kwenye fuwele ya AgGaS₂, na tofauti ya masafa yao ndiyo infraredi ya kati tunayoitaka, kati ya maikromita 3 na 10 hivi. Infraredi hiyo hugawanywa: mpigo wa kuamsha mtetemo, na mpigo dhaifu wa kupima unaofuata kwa kuchelewa kunakopangwa na reli, yaani vioo vinavyosogezwa ili kubadili urefu wa njia ya mwali. Mwishoni kuna spektrografu na detekta ya MCT inayopozwa kwa nitrojeni kimiminika.

Infraredi haionekani, lakini usiiogope hiyo kuliko nm 800 iliyobaki ndani ya OPA. Hiyo hupita hadi kwenye retina, na jicho huiona kama wekundu hafifu tu, isivyolingana kabisa na nguvu yake. Vaa miwani inayozuia nm 800, vua pete na saa, na usiinamishe kichwa hadi usawa wa miali.

Infraredi haitoki kabisa, au imepungua sana

Anza na hesabu, kwa sababu mara nyingi tatizo ni mpangilio usiolingana. Masafa ya signali na aidla yakijumlishwa lazima yawe sawa na ya nm 800, yaani 12,500 sm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na tofauti yao ndiyo unayoipata. Ukitaka 1,667 sm⁻¹ (maikromita 6), signali iwe 7,083 sm⁻¹, yaani nm 1,412, na aidla 5,417 sm⁻¹, yaani nm 1,846. Ukitaka 2,000 sm⁻¹, signali inakuwa nm 1,379 na aidla nm 1,905. Tazama ilivyo: signali imesogea nm 33 tu, lakini infraredi imehama maikromita nzima. Kosa la nm 5 kwenye signali linatosha kukutoa nje ya bendi unayoitafuta.

Huna spektromita ya infraredi fupi? Tumia rangi zinazovuja. Ndani ya BBO, signali na nm 800 hujumlishwa kidogo bila kuombwa, na kwa signali ya nm 1,412 hutoka kijani cha nm 511. Elekeza spektromita ya kawaida ya mwanga unaoonekana kwenye karatasi iliyopigwa na rangi hiyo, soma urefu wa wimbi, geuza kuwa sm⁻¹, kisha toa 12,500. Kinachobaki ni signali yako. Njia hii ni ya haraka kuliko kufungua sanduku, na mara nyingi hujibu swali lote.

Kama rangi hizo hazipo, tatizo liko juu zaidi. Fuata mnyororo kwa mpangilio huu:

Kwanza mwanga mweupe. Safaya huhitaji karibu mikrojuli 1. Fungua airisi (tundu la kupitisha mwali linalobadilishwa upana) polepole mpaka mwanga utokee, ongeza kidogo mpaka utulie, acha hapo. Doa liwe duara moja laini. Ukiona pete zinazocheza au madoa mawili, nguvu imezidi na mwali umegawanyika ndani ya safaya. Mwanga unaweza kuwa mkali zaidi wakati huo, ndiyo maana watu hudanganyika, lakini kila mpigo unatofautiana na mwenzake na kelele hiyo itakufuata hadi mwisho.

Pili, muda wa mipigo kukutana ndani ya BBO. Kioo kikisogea maikromita 10 katika mpangilio wa kwenda na kurudi, muda hubadilika kwa femtosekunde 67. Kwa mipigo ya femtosekunde 100, hiyo si kidogo. Sogeza kwa hatua za maikromita 5 huku ukitazama kipimo cha nguvu.

Tatu, jaribio la kuziba mbegu, yaani mwanga mweupe unaokuzwa. Ziba mwanga mweupe: nguvu ya OPA inapaswa kuanguka karibu na sifuri. Ikibaki sehemu inayopimika, BBO inajikuzia mwanga wake yenyewe kwa sababu nm 800 ya hatua ya pili ni kali mno. Nguvu hiyo inaonekana kwenye kipimo lakini haina mpangilio wa muda, na AgGaS₂ haitaitumia ipasavyo. Punguza nm 800, au panua doa lake.

Mwisho, AgGaS₂ yenyewe. Fuwele hii huumia kirahisi. Itazame kwa tochi ya pembeni: doa la kijivu au jeusi mahali mwali unapopita maana yake uso umeungua. Isogeze milimita moja upande, na kama nguvu inarudi, umepata jibu. Baada yake huwa kuna kichujio cha jemaniamu. Bila mipako, jemaniamu hurudisha asilimia 36 ya mwanga kwenye kila uso, hivyo zaidi ya nusu ya infraredi hupotea hapo. Pia hufyonza signali na kujaza elektroni huru, ambazo nazo hufyonza infraredi. Weka kwanza kioo chenye mipako kinachoondoa sehemu kubwa ya signali na aidla, kisha jemaniamu mahali mwali ulipopanuka.

Asubuhi nguvu ilikuwapo, mchana haipo

Hapa karibu kila mara ni joto la chumba au mwelekeo wa mwali unaoingia. Weka airisi mbili za kudumu kabla ya OPA, zenye umbali wa angalau mita moja kati yake, na uandike nguvu inayopita wakati mambo ni mazuri. Mwali ukihama, rudisha kwa vioo viwili vilivyo kabla ya airisi hizo, na usiguse chochote ndani ya OPA. Anayelipa deni la mwelekeo kwa kurekebisha BBO hulilipa tena kesho, kwa sababu joto likirudi, BBO nayo itakuwa imekosea. Chumba kisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 1.

Spektra ya mpigo wa kupima ina mashimo au meno

Kuna aina tatu, na zinatofautishwa kwa umbali kati ya meno.

Mashimo membamba yasiyo na mpangilio kati ya 1,400 na 1,900 sm⁻¹ ni mvuke wa maji. Shimo pana la mapacha karibu na 2,349 sm⁻¹ ni kaboni dioksidi, na ukiinamia sanduku na kupumua utaliona likizidi. Puliza hewa kavu au nitrojeni ndani ya masanduku yote, si la sampuli peke yake: mwali husafiri mita kadhaa kabla ya kufika huko. Wengi hukosea kwa kufungua bomba kwa nguvu zote. Upepo huo hutikisa hewa, hewa hutikisa mwali, na kelele inapanda kuliko ilivyokuwa na unyevu. Jaza haraka, kisha punguza mtiririko mpaka mwali utulie. Ukitumia nitrojeni kwenye chumba kidogo, weka kipima oksijeni.

Meno yenye nafasi sawa ni mwanga unaorudi-rudi kati ya nyuso mbili zinazolingana. Nafasi yake ni 1 gawanya kwa mara mbili ya unene mara faharisi ya kupinda mwanga. Dirisha la kalisi floraidi (faharisi 1.4) la milimita 2 hutoa meno ya kila 1.8 sm⁻¹, la milimita 1, kila 3.6. Nafasi ya sampuli ya maikromita 50 ikiwa na maji hutoa mawimbi mapana ya kila 75 sm⁻¹ hivi. Pima nafasi, rudi nyuma kwenye unene, utajua ni kipande kipi. Dawa ni dirisha lililochongwa kwa mwinamo mdogo, au kuinamisha seli digrii chache.

Dirisha hilohilo lina uovu wa pili. Mpigo uliorudi ndani yake huchelewa: milimita 2 za kalisi floraidi, kwenda na kurudi, ni pikosekunde 18.7. Ukiona kijimlima kidogo hapo hasa, si muundo mpya wa molekuli. Badilisha dirisha la milimita 2 kwa la milimita 3, na kama mlima unahamia pikosekunde 28, umeukamata.

Aina ya tatu ni meno yanayobadilika nafasi unapoisogeza reli. Hayo yanaelezwa hapa chini, penye ishara kabla ya sifuri.

Kelele ni kubwa mno

Jua kwanza kiasi gani ni halali. Mipigo ikitofautiana kwa asilimia 1, jozi moja ya mipigo (na kuamsha, bila kuamsha) hutoa kelele ya 0.006 hivi katika badiliko la ufyonzaji. Gurudumu la kukata mwanga likizuia kila mpigo wa pili, unapata jozi 500 kwa sekunde, na baada ya sekunde moja kelele ni 0.00027. Kufika 0.00005 kunahitaji jozi karibu 15,000, yaani sekunde 30. Ikiwa unapata kelele hiyo, mtambo ni mzima na unachohitaji ni subira, au mwali wa rejea kwenye safu ya pili ya detekta.

Ikiwa kelele haipungui kadiri ya kipeuo cha pili cha muda, kuna kitu kinachoyumba polepole, au gurudumu halijafungwa vizuri na leza. Weka osiloskopu: mpigo upite katikati ya uwazi wa gurudumu, usikwanguliwe na ukingo. Halafu ziba kila kitu na usome detekta gizani. Kelele ya gizani ikiwa karibu sawa na ya kwenye mwanga, ongeza mwanga au angalia nitrojeni. Chupa ya detekta inayokwisha nitrojeni mapema kuliko zamani, na ganda lake kutoa jasho kwa nje, imepoteza ombwe. Inahitaji kufyonzwa hewa upya. Kujaza mara nyingi zaidi hakusaidii.

Kinyume chake nacho kipo, nacho kina madhara zaidi kwa sababu hakina kelele: detekta iliyoshiba. Weka kichujio kinachojulikana kupitisha asilimia 50. Kama usomaji unashuka hadi asilimia 60 badala ya 50, umeshiba, na kila badiliko unaloandika ni dogo kuliko ukweli.

Hakuna ishara yoyote

Hapa usianze na sampuli yako ngumu. Weka W(CO)₆ (tungsteni heksakaboni) katika heksani, ufyonzaji wa 0.3 hivi kwenye kilele cha 1,983 sm⁻¹. Ukikutanisha miali vizuri, utaona ufyonzaji ukipungua kwenye 1,983 na kuongezeka karibu na 1,968, kwa sababu molekuli iliyokwisha kuamshwa hufyonza masafa ya chini kidogo. Ishara huishi zaidi ya pikosekunde 100, kwa hiyo hata sifuri ya muda (mipigo miwili inapofika pamoja) ikiwa imekosewa kwa pikosekunde 20, mradi upo upande sahihi, utaiona.

Mkutano wa mahali: weka kitundu cha maikromita 100 pale pale inapokaa sampuli na upitishe miali yote miwili. Doa la kuamsha liwe kubwa kidogo kuliko la kupima, mfano maikromita 150 dhidi ya 100.

Mkutano wa muda: tumia kitundu hichohicho. Kingo zake hutawanya mwanga wa kuamsha kuelekea detekta, nao huingiliana na wa kupima. Katika spektra utaona mistari, na nafasi kati ya mistari hiyo ni kinyume cha tofauti ya muda: pikosekunde 2 hutoa 16.7 sm⁻¹, pikosekunde 1 hutoa 33.4 sm⁻¹. Sogeza reli upande ambao mistari inapanuka. Inapokuwa mipana kuliko spektra nzima, uko kwenye sifuri. Kumbuka reli huhesabu njia mara mbili: maikromita 150 ni pikosekunde 1. Usipoona mistari kabisa, pengine tofauti ya muda ni kubwa mno na mistari ni myembamba kuliko pikseli. Rudi kwenye utepe wa kupimia, pima njia zote mbili kwa milimita, kisha tafuta upya.

Kuna ishara kabla ya sifuri

Hii huwatia watu wasiwasi bila sababu, na mara nyingine huwapa utulivu bila sababu. Mpigo wa kupima ukitangulia, huacha molekuli zikiendelea kutoa mwanga hafifu kwa muda mfupi. Mpigo wa kuamsha ukifika katikati ya mwangwi huo, huukatiza. Matokeo yake ni mawimbi kando ya bendi ya ufyonzaji, yanayokua kadiri unavyokaribia sifuri. Hiyo ni fizikia halali. Huwezi kuiondoa kwa skrubu. Unaanza tu kuchanganua data baada ya sifuri, ukiruka angalau mara tatu ya urefu wa mpigo.

Mwanga wa kuamsha uliotawanyika hutoa mawimbi yanayofanana sana. Jinsi ya kutofautisha: mawimbi ya molekuli yapo upande mmoja wa sifuri tu, karibu na bendi tu, na hutoweka ukiweka kiyeyushi kitupu. Ya mtawanyiko yapo pande zote mbili, katika spektra nzima, na sampuli yenye chembe au vumbi huyazidisha. Chuja sampuli kwanza. Kisha chukua kila kipimo mara mbili, kwa kucheleweshwa kunakotofautiana kwa nusu ya kipindi cha wimbi, na utafute wastani. Kwa maikromita 5 nusu kipindi ni femtosekunde 8.3, yaani reli isogee maikromita 1.25. Mawimbi hugeuka kutoka chanya kuwa hasi na kujifuta. Kinachobaki bila mawimbi, hata ukiziba mpigo wa kupima, ni mwanga wa kuamsha unaoingia moja kwa moja kwenye detekta: upime peke yake na uutoe.

Kuna na jambo la tatu: ishara isiyobadilika kabisa kabla ya sifuri, yenye sura ileile ya ile ya baadaye. Hiyo ni sampuli isiyopata nafasi ya kupoa au kubadilishwa kati ya mpigo na mpigo. Kwa doa la maikromita 100 na mipigo 1,000 kwa sekunde, sampuli lazima isogee sentimita 10 kwa sekunde ili kila mpigo ukute mahali papya. Pampu ndogo inayotiririsha polepole haifiki hapo.

Ishara haikomi, au inaisha upesi kuliko inavyopaswa

Ishara inayoshuka kisha kubaki tambarare milele kwa kawaida ni joto. Nishati ya mtetemo imeingia kwenye kiyeyushi, maji yamepanda joto, na bendi zimehama. Linganisha sura ya spektra kwenye pikosekunde 100 na tofauti kati ya spektra mbili za kawaida za sampuli hiyohiyo, moja kwenye nyuzi 20 na nyingine nyuzi 25. Zikilingana, ni joto: punguza nishati ya kuamsha, au itoe sura hiyo kwenye uchanganuzi. Na ukipima bendi ya amidi ya protini karibu na 1,650 sm⁻¹, tumia D₂O (maji mazito), maana maji ya kawaida yana bendi yake hapohapo, karibu na 1,645. D₂O nayo hunywa unyevu wa hewa. Bendi ya HOD (maji mazito yaliyochanganyika na ya kawaida) ikikua karibu na 1,450 sm⁻¹ kwenye spektra ya kawaida, mimina, anza upya.

Inayoisha upesi mno, shuku reli. Rudi kwenye W(CO)₆, weka kitundu badala ya seli, na uendeshe reli kutoka mwanzo hadi mwisho ukisoma nguvu inayopita ya mwali ulio kwenye reli. Ikishuka kwa asilimia 20, basi mteremko wako una asilimia hizo ambazo si za molekuli. Panga mwali uwe sambamba na reli mpaka badiliko lishuke chini ya asilimia 5.

Halafu kuna mzunguko wa molekuli. Polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) za miali miwili zikiwa sambamba, ishara hupungua kwa sababu molekuli zimegeuka, si kwa sababu zimetulia. Zungusha moja hadi digrii 54.7 dhidi ya nyingine na athari hiyo huondoka. Kuhakiki, pima zikiwa sambamba, kisha zikiwa pembeni (digrii 90), mara tu baada ya sifuri: kwa mtetemo mmoja wa kawaida, sambamba iwe mara tatu ya pembeni. Ukipata mara mbili tu, polaraiza imechafuka, imegeuzwa vibaya, au kuna kioo kati yake na sampuli kinachovuruga mwelekeo. Polaraiza ya mwisho iwe karibu na sampuli kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mpigo ni mrefu kuliko spektra yake inavyodai

Spektra ya upana wa 147 sm⁻¹ inaweza kubeba mpigo wa femtosekunde 100. Ukipima 180 na spektra ni hiyo, vioo na madirisha yameurefusha kwa kuchelewesha masafa yake kwa viwango tofauti. Kalisi floraidi huvuta upande mmoja katika infraredi ya kati, jemaniamu huvuta upande wa pili, kwa hiyo sahani ya jemaniamu ya milimita chache inaweza kusawazisha kalisi floraidi nene. Ongeza sahani moja moja na upime kila mara. Na kabla ya hapo, hakikisha ni mpigo kweli uliorefuka: miali inayokutana kwa pembe kubwa na madoa mapana hutoa kipimo kirefu hata mpigo ukiwa mfupi. Punguza pembe hiyo, pima tena.